NANI ABEBE HASARA?
Hesabu ya Uharibifu na Gharama ya Kila Chupa katika Viwanda Vidogo vya Vyama

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi



Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Methali hiyo hutajwa sana katika mikutano ya ushirika, lakini kwa kawaida hutajwa pale fedha zinapopungua sandukuni. Ni mara chache kutajwa pale mali inapopungua ndani ya sufuria, au inapomwagika njiani, au inapoharibika usiku mmoja kwa sababu jiko lilizimika. Hata hivyo mwanachama hupata hasara ile ile. Fedha iliyoibwa na maziwa yaliyomwagika vyote hutoka katika mfuko wake.

Madhumuni ya mazungumzo haya ni kueleza jinsi chama chenye kiwanda kidogo kinavyopaswa kuhesabu uharibifu unaotokea katika kila hatua ya kazi, na jinsi ya kupata gharama ya kweli ya kila chupa inayotoka kiwandani. Swali kuu ni moja: mali ikiharibika, nani abebe hasara hiyo?

1. KAZI YENYE HATUA NYINGI

Tarafa ya Mgeta iko upande wa magharibi wa Milima ya Uluguru, katika Wilaya ya Mvomero. Mtu apandaye kwa barabara ya Sangasanga, akapita Mlali na kuendelea juu kuelekea Langali na Nyandira, huona kabichi, karoti, njegere na viazi mviringo vimepandwa katika miteremko mikali, pamoja na matunda ya nchi za baridi kama plamu, pichi na mapea. Katika miaka ya 1980 mazao hayo yaliongezewa jingine. Mbuzi wa maziwa wa aina ya Norwei waliletwa Mgeta kwa ushirikiano wa wataalamu wa chuo cha kilimo cha Morogoro, ambacho mwaka 1984 kilikuwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na wenzao wa Norwei. Mbuzi hawa hufaa mahali penye mashamba madogo, kwa kuwa hufungwa bandani na kuletewa majani.

Maziwa huharibika upesi kuliko mazao yote yaliyotajwa. Mboga ikikosa gari leo, huenda ikauzwa kesho kwa bei ndogo. Maziwa ya asubuhi yakikosa mnunuzi, jioni yamekwisha kuchacha. Kwa sababu hiyo njia mojawapo ya kuyafikisha mbali ni kuyageuza kuwa mtindi uliofungwa vizuri. Lakini hapo ndipo chama kinapoacha kuwa mnunuzi na muuzaji tu na kuwa mwenye kiwanda, na hesabu za kiwanda si sawa na hesabu za duka.

Katika duka, bidhaa huingia na kutoka ikiwa ile ile. Katika kiwanda, bidhaa hubadilika, na kila inapobadilika hupungua kiasi na kuongezeka gharama. Kazi ya mtindi ina hatua tatu kubwa:

Hatua ya kwanza ni kupokea, kupima, kuchuja na kuchemsha. Maziwa ya mtindi hupashwa moto hadi nyuzi 85 za Selsiasi na kushikiliwa hapo kwa nusu saa hivi.

Hatua ya pili ni kugandisha. Maziwa hupozwa hadi nyuzi 43 hivi, hutiwa mbegu ya mtindi, kisha huwekwa mahali penye joto kwa saa nne hadi sita mpaka yashikane.

Hatua ya tatu ni kupoza, kutia katika chupa, kubandika lebo na kupanga katika makasha.

Katika kila hatua kuna kinachopotea. Katibu asiyejua kilichopotea wapi hawezi kujua chupa moja imekigharimu chama kiasi gani.

2. AINA MBILI ZA HASARA

Hasara za kiwandani ni za aina mbili, na hazifai kuandikwa mahali pamoja.

Ya kwanza ni hasara ya kawaida. Hii ni ile isiyoepukika hata pale ambapo kazi imefanywa vizuri na watu wenye bidii. Maji hupaa kwa mvuke wakati wa kuchemsha. Maziwa kidogo hushika chini ya sufuria na katika kitambaa cha kuchujia. Kiasi fulani hubaki katika kipimo na katika mdomo wa jagi. Hasara ya namna hii ni sehemu ya kazi, kama vile maganda ni sehemu ya gharama ya kupika ndizi. Gharama yake hubebwa na mali nzuri iliyobaki.

Ya pili ni hasara isiyo ya kawaida. Hii ni ile iliyozidi kipimo kinachojulikana. Sufuria iliunguza kwa sababu mpishi aliondoka. Jiko lilizimika usiku. Kasha lilianguka. Mtungi haukuoshwa vizuri. Hasara hii haipaswi kuingizwa katika gharama ya chupa. Yapasa itengwe, ihesabiwe kwa thamani yake, na ipelekwe mbele ya Bodi ili sababu yake ijulikane.

Ieleweke kwamba hasara isiyo ya kawaida si lazima iwe kosa la mtu. Huenda ni mvua iliyokata barabara. Lakini hata kama hakuna mwenye kosa, lazima ionekane peke yake. Bodi haiwezi kuziba ufa ambao hesabu zimeupaka chokaa.

Hapa pana tahadhari moja. Si kila upungufu wa uzito ni uharibifu. Mfano mzuri ni kahawa, zao linalojulikana na wengi katika vyama. Kilo 5 hadi 6 za kahawa mbivu hutoa takriban kilo 1 tu ya kahawa ya maganda iliyokauka, na kilo 100 za kahawa ya maganda hutoa takriban kilo 80 za kahawa safi baada ya kukobolewa. Zile kilo 20 hazikuharibika. Ni maganda yaliyoondolewa. Mkulima asiyeelezwa jambo hilo hudhani ameibiwa, na karani asiyelijua hushindwa kumtambua mwizi wa kweli, yaani pale kilo 100 zinapotoa 72 badala ya 80. Kipimo cha kawaida humlinda karani mwaminifu dhidi ya tuhuma, na humlinda mwanachama dhidi ya karani asiye mwaminifu.

3. MFANO WA MWEZI MMOJA

Hesabu zifuatazo ni mfano uliotungwa ili kurahisisha maelezo. Si hesabu za chama chochote. Kila chama kitaweka bei na vipimo vyake.

Hatua ya kwanza: kupokea na kuchemsha

Chama kimepokea kutoka kwa wanachama lita 2,000 kwa shilingi 1,500 kila lita. Thamani yake ni shilingi 3,000,000. Kuni, ujira na gharama nyingine za hatua hii ni shilingi 420,000. Jumla ni shilingi 3,420,000.

Kipimo cha hasara ya kawaida katika hatua hii ni asilimia 5, yaani lita 100. Kwa hiyo lita nzuri zinazotarajiwa ni 1,900. Gharama ya lita moja hupatikana kwa kugawa jumla ya gharama kwa lita nzuri zinazotarajiwa:

3,420,000 ÷ 1,900 = shilingi 1,800

Angalia kwamba kigawanyo si 2,000, wala si idadi iliyotoka kwa kweli. Ni ile iliyotarajiwa kutoka. Hilo ndilo linalofanya zile lita 100 za kawaida zibebwe na lita nzuri.

Lakini mwezi huo zilizotoka ni lita 1,850. Zimepungua lita 50 zaidi ya kawaida, kwa kuwa sufuria moja iliungua. Thamani ya lita hizo 50 ni shilingi 90,000. Kwa hiyo:

Zilizopelekwa hatua ya pili: lita 1,850 × 1,800 = 3,330,000
Hasara isiyo ya kawaida: lita 50 × 1,800 = 90,000
Jumla: 3,420,000

Jumla ya pande mbili lazima iwe sawa. Isipokuwa sawa, karani arudie hesabu kabla ya kwenda mbele.

Hatua ya pili: kugandisha

Zimeingia lita 1,850 zenye thamani ya shilingi 3,330,000. Mbegu ya mtindi, mkaa na ujira wa hatua hii ni shilingi 222,000. Jumla ni shilingi 3,552,000. Hasara ya kawaida ni asilimia 4, yaani lita 74. Lita nzuri zinazotarajiwa ni 1,776.

3,552,000 ÷ 1,776 = shilingi 2,000 kila lita

Zilizotoka kwa kweli ni lita 1,700. Lita 76 zaidi hazikuganda, kwa sababu usiku mmoja wa baridi sufuria hazikufunikwa na joto likashuka. Thamani yake ni shilingi 152,000. Maziwa hayo hayakumwagwa. Wafugaji wa nguruwe waliyanunua kwa shilingi 250 kila lita, yaani shilingi 19,000. Fedha hiyo huandikwa kupunguza hasara yenyewe, na haichanganywi na mauzo ya mtindi. Hasara iliyobaki ni shilingi 133,000.

Zilizopelekwa hatua ya tatu: lita 1,700 × 2,000 = 3,400,000
Hasara isiyo ya kawaida: lita 76 × 2,000 = 152,000
Jumla: 3,552,000

Hatua ya tatu: kutia katika chupa

Lita 1,700 hujaza chupa 3,400 za nusu lita. Gharama ya chupa tupu, lebo na ujira ni shilingi 225 kila chupa, jumla shilingi 765,000. Zikijumlishwa na shilingi 3,400,000 zilizotangulia, jumla ni shilingi 4,165,000. Hasara ya kawaida ni asilimia 2, yaani chupa 68. Chupa nzuri zinazotarajiwa ni 3,332.

4,165,000 ÷ 3,332 = shilingi 1,250 kila chupa

Zilizofika ghalani ni chupa 3,312. Chupa 20 zaidi zilipasuka kasha lilipoanguka. Thamani yake ni shilingi 25,000.

Zilizoingia ghalani: chupa 3,312 × 1,250 = 4,140,000
Hasara isiyo ya kawaida: chupa 20 × 1,250 = 25,000
Jumla: 4,165,000

Basi gharama ya kweli ya kutengeneza chupa moja ni shilingi 1,250. Hasara zisizo za kawaida kwa mwezi mzima, baada ya kutoa fedha ya wafugaji wa nguruwe, ni 90,000 + 133,000 + 25,000, yaani shilingi 248,000.

4. HESABU IKIFICHWA

Sasa na tutazame njia inayotumiwa na makarani wengi kwa kutaka wepesi. Karani hujumlisha gharama zote za mwezi: maziwa 3,000,000, hatua ya kwanza 420,000, ya pili 222,000, ya tatu 765,000. Jumla ni shilingi 4,407,000. Akitoa zile 19,000 hubaki 4,388,000. Kisha hugawa kwa chupa 3,312 zilizoko ghalani. Jibu ni takriban shilingi 1,325.

Hesabu hiyo haina kosa la kujumlisha wala la kugawa. Mkaguzi ataipitisha kwa upande wa tarakimu. Lakini imeficha jambo kubwa. Imeonyesha kwamba mtindi ni ghali, wakati ukweli ni kwamba sufuria moja iliungua, joto lilishuka usiku mmoja na kasha moja lilianguka. Shilingi 75 zimeongezwa juu ya kila chupa, wala hakuna ajuaye zimetoka wapi.

Bodi ikipelekewa hesabu hiyo itakuwa na njia mbili. Njia ya kwanza ni kupandisha bei. Lakini mwenye duka wa Morogoro mjini hajali sababu za Mgeta. Akiona bei imepanda atanunua kwa mwingine. Njia ya pili ndiyo inayotumika mara nyingi, nayo ni kupunguza bei ya mwanachama. Shilingi 248,000 zikigawanywa kwa lita 2,000 zilizopokelewa ni shilingi 124 kwa kila lita. Hivyo mfugaji aliyekuwa akipata shilingi 1,500 ataambiwa kwamba mwezi ujao ni shilingi 1,376.

Mfugaji huyo huenda ni mama aliyeamka alfajiri, akakata majani mteremkoni, akakamua, akabeba ndoo kichwani hadi kituoni. Maziwa yake yalipimwa mbele yake na kukubaliwa. Siku ya mkutano akisimama na kuuliza, "Ndugu Katibu, maziwa yangu yalikuwa mazuri na mliyapokea wenyewe, mbona bei imeshuka?" Katibu atajibu nini? Akijibu, "Mama, gharama zimepanda," atakuwa amesema alichokiona katika daftari lake, lakini hatakuwa amesema kweli.

Katibu mwenye hesabu ya hatua kwa hatua atajibu hivi: "Mama, gharama ya kutengeneza haikupanda. Mwezi huu tumepata hasara tatu, na thamani yake ni hizi hapa. Bodi imekwisha kuzijadili, na hatua zilizochukuliwa ni hizi." Mkutano unaweza kukasirika, lakini utakuwa umekasirikia jambo la kweli, na jambo la kweli hurekebishika.

Ni kweli kwamba shilingi 248,000 zimepotea na lazima zitoke mahali fulani. Zitatoka katika ziada ya mwaka, au kwa anayepasa kulipa iwapo uchunguzi na masharti ya chama yataonyesha hivyo. Tofauti ni kwamba zitatoka kwa uamuzi uliofanywa wazi, si kwa kukatwa kimya kimya katika bei ya maziwa.

5. HASARA HUKUA KADIRI INAVYOCHELEWA KUONEKANA

Tazameni tena mfano. Lita moja ikikataliwa mlangoni kabla ya kupokelewa, chama hakipotezi chochote, kwa kuwa maziwa hayo bado ni mali ya mwenyewe. Lita ikipotea katika hatua ya kwanza, hasara ni shilingi 1,800. Ikipotea katika hatua ya pili ni shilingi 2,000. Ikipotea imekwisha kutiwa katika chupa mbili ni shilingi 2,500. Maziwa ni yale yale, lakini kila hatua imeyavika nguo mpya, na anayeyapoteza hupoteza na nguo zake.

Kwa hiyo fedha inayotumika kwa ukaguzi wa mlangoni huleta faida kuliko zote. Kipimo cha uzito wa maziwa huonyesha maji yaliyoongezwa. Kipimo cha spiriti huonyesha maziwa yaliyoanza kuchacha, ambayo yangekatika katika sufuria. Pua ya mpokeaji hutambua harufu ya beberu, ambayo huingia katika maziwa pale beberu anapofungwa karibu na majike wakati wa kukamua. Maziwa ya mbuzi mwenye ugonjwa wa kiwele yakipita mlangoni huharibu mtungi mzima, na hapo hasara ya mtu mmoja hugeuka kuwa hasara ya watu thelathini.

Mpokeaji anayekataa maziwa mabaya ya jirani yake huonekana mtu mkali. Kwa hesabu hizi, yeye ndiye mlinzi wa mali ya wanachama wote.

6. MALI ISIYOKAMILIKA MWISHO WA MWEZI

Jioni ya tarehe ya mwisho ya mwezi, huenda sufuria zina maziwa ambayo bado hayajaganda. Hayo si maziwa mabichi tena, wala si mtindi. Yaandikwe vipi?

Kanuni ni kutenganisha mali na kazi. Tuseme zimo lita 100 katikati ya hatua ya pili. Mali imo yote, kwa hiyo lita hizo huhesabiwa kwa shilingi 1,800 zilizotoka nazo katika hatua ya kwanza, yaani shilingi 180,000. Kazi na gharama za hatua ya pili zimefika nusu. Katika mfano wetu gharama hizo zilikuwa shilingi 222,000 kwa lita 1,850, yaani shilingi 120 kwa kila lita iliyoingia. Nusu yake ni shilingi 60, na kwa lita 100 ni shilingi 6,000. Basi thamani ya maziwa yaliyomo sufuriani ni shilingi 186,000.

Maziwa hayo yasitwishwe hasara ya kawaida ya hatua ya pili, kwa kuwa bado hayajafika mahali inapokaguliwa. Yataibeba mwezi ujao yakifika hapo.

Katibu akiyasahau kabisa, mwezi huu utaonekana wa hasara na mwezi ujao wa faida, na Bodi itamlaumu mtu wa kwanza na kumsifu wa pili bila haki.

7. KIPIMO CHA KAWAIDA KIWEKWE VIPI

Asilimia 5, 4 na 2 zilizotajwa hapo juu ni za mfano tu. Haifai chama kuzinakili. Kipimo hupatikana kwa kupima kazi yenyewe, kila mkupuo, kwa miezi kadhaa ya kazi iliyosimamiwa vizuri. Mambo manne yaangaliwe.

Kwanza, majira. Miezi ya Juni hadi Agosti usiku wa Mgeta ni wa baridi, na kushikilia joto la kugandishia ni kazi ngumu kuliko wakati wa joto. Wakati wa masika barabara ya kushukia Mlali huteleza, na makasha hutikisika zaidi. Inawezekana kuwa na kipimo cha masika na kipimo cha kiangazi.

Pili, asili ya maziwa. Mtindi wa maziwa ya mbuzi kwa kawaida ni mwepesi kuliko wa ng'ombe. Zaidi ya hayo, wataalamu wameonyesha kwamba mbuzi wengi wa aina ya Norwei hurithi upungufu wa mojawapo ya protini zinazosaidia maziwa kushikana. Mtindi mwepesi kwa sababu hiyo haukuharibika, na usiandikwe hivyo. Lakini pia wepesi huo wa kuzaliwa usiwe kisingizio cha mtindi ulioshindwa kuganda kwa kukosa joto. Kinachotofautisha ni daftari la joto la usiku huo.

Tatu, kipimo si ruhusa. Kusema kwamba lita 100 zaweza kupotea si kusema kwamba wafanyakazi wamepewa lita 100. Pakiwa na wasiwasi, sufuria ipimwe kabla na baada ya kuchemshwa. Mvuke hautoki na mitungi mgongoni.

Nne, hasara ikiwa ndogo kuliko kawaida, nayo ichunguzwe. Huenda wafanyakazi wameongeza uangalifu, na hao wapongezwe mbele ya mkutano. Huenda pia maji yameongezwa ili kufidia kilichonywewa. Hesabu nzuri kupita kiasi haiachwi bila kuulizwa.

Kipimo kikishawekwa, kipitishwe na Bodi na kuandikwa katika kumbukumbu za kikao. Kisibadilishwe na mtu mmoja mwisho wa mwezi ili hesabu zipendeze.

8. MADAFTARI YANAYOHITAJIWA

Kazi hii haihitaji mashine. Inahitaji karatasi nne na uaminifu.

(a) Hati ya kupokelea maziwa, yenye jina la mwanachama, lita, matokeo ya vipimo na sahihi za pande mbili. Maziwa yaliyokataliwa nayo yaandikwe, pamoja na sababu.

(b) Kadi ya mkupuo, inayofuatana na sufuria kutoka hatua hadi hatua. Iandikwe lita zilizoingia, lita zilizotoka, joto, saa, na jina la msimamizi. Anayekabidhi na anayepokea watie sahihi wote wawili.

(c) Hati ya uharibifu, ijazwe siku ile ile hasara inapotokea, si mwisho wa mwezi. Ionyeshe hatua, kiasi, sababu, na mali hiyo imepelekwa wapi. Kama imeuzwa kwa ajili ya mifugo, namba ya stakabadhi iandikwe hapo. Kama imemwagwa, mashahidi wawili watie sahihi.

(d) Daftari la gharama za hatua, lenye ukurasa mmoja kwa kila hatua. Upande mmoja huandikwa kilichoingia na gharama zake. Upande wa pili huandikwa kilichotoka, hasara ya kawaida na hasara isiyo ya kawaida.

Kila mwezi Katibu aipe Bodi taarifa fupi ya hasara zisizo za kawaida kwa hatua, kwa kiasi na kwa shilingi. Katika mkutano mkuu taarifa ya mwaka isomwe kwa wanachama kwa lugha wanayoielewa. Wakaguzi wa Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika wakifika, karatasi hizi ndizo zitakazowaonyesha mali ilivyosafiri.

HITIMISHO

Historia ya ushirika wa nchi hii ina somo juu ya jambo hili. Mwaka 1966 Serikali iliunda kamati maalumu kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao, baada ya malalamiko mengi ya wakulima. Miongoni mwa kasoro zilizoonekana ni uhaba wa watumishi wenye ujuzi, na wanachama ambao hawakuzielewa shughuli za vyama vyao. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa, na ilipasa kungoja sheria ya mwaka 1982 ili vianzishwe tena. Yako mambo mengi katika historia hiyo, yakiwamo ya siasa. Lakini mkulima aliyekatwa bila kuelezwa sababu hakuwa na moyo wa kukitetea chama chake kilipofikwa na matatizo.

Chama kinachofanya kazi ya hatua nyingi hakiwezi kuepuka hasara. Mvuke utapaa, na chupa zitapasuka. Kinachoweza kuepukwa ni kumtwisha mwanachama hasara asiyoijua. Hasara ya kawaida ibebwe na mtindi, kwa kuwa ni sehemu ya kuutengeneza. Hasara isiyo ya kawaida isimame peke yake mbele ya Bodi na mbele ya mkutano, ikiwa na jina la hatua yake, kiasi chake na shilingi zake. Na kila Katibu, kabla ya kupendekeza bei ya mwanachama ishushwe, afungue kwanza daftari la gharama za hatua na kuwaonyesha wajumbe ukurasa wa hasara.